Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie namna ya kujenga nyumba isiyochemka. Mngeniuliza miaka kumi iliyopita ningewajibu kwa majivuno, tena ningewachorea na ramani. Leo nawajibu nikiwa kwenye kigoda, bega la kulia nimelipaka dawa ya kuchua, mwili wote hauna hamu. Nimepanga matofali tangu sijaota ndevu, Kibondo na Kasulu na vijiji vya katikati, vingine nimesahau majina ila udongo wake naukumbuka. Nimechoka. Msitegemee mpangilio, nitaandika kadiri mambo yanavyonijia.

Hapa kwetu mtu akipata kiwanja, haulizi jua linazamia wapi. Anauliza barabara iko wapi. Nyumba lazima itazame barabara, ndiyo heshima. Barabara ikipita upande wa magharibi, basi mlango utatazama magharibi, madirisha makubwa nayo huko huko, na sebule yenye makochi italipokea jua lote la alasiri bila kubakiza. Ukimshauri mwenye nyumba ageuze, anakutazama kama umemtukana. "Fundi, unataka nyumba yangu iwape watu mgongo? Kwani nina ugomvi na nani?" Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na kila mara nilikaza kamba nikauelekeza msingi barabarani, maana mwenye mali ndiye mwenye neno.

Kuna darasa nililijenga upande wa Nyakitonto. Kamati ilitaka madirisha makubwa yatazame barabara ili wageni wakipita waone watoto wanasoma. Nikatii. Siku niliporudi kurekebisha bawaba za mlango, nilikuta darasa zima limebanana upande mmoja, madawati ya dirishani matupu, jua limeyalalia. Mwalimu akaniambia, wala hakucheka, "Fundi, sisi hapa tunasoma kwa kuhama. Saa saba tuko dirishani, saa nane tuko katikati, saa tisa tumefika ukutani. Kengele ikichelewa tutautoboa ukuta tutokee kwa jirani." Mimi ndiye niliyecheka. Nilirekebisha bawaba nikaondoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bigirimana. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapata uraia, akazeekea Kibondo. Alikuwa mfupi, mkali, hapendi redio kazini, na ukimharibia kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, alikuwa anaibomoa bila kusema neno, kisha anakwenda kukaa mbali mpaka uipange upya. Ukuta alikuwa anaupima kwa mgongo wa mkono wake. Saa nane mchana anauweka mkono ukutani kwa nje, halafu anaingia ndani anauweka pale pale kwa upande wa pili. Jioni anarudia. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya dini.

"Sha, umeona?" aliniuliza siku moja, akichanganya na Kirundi chake. "Joto halipiti mlangoni. Linatembea ndani ya ukuta. Ukuta mwembamba, linakuja kwa pikipiki. Saa nane liko nje, saa tisa limekukuta kitini. Ukuta mnene, linakuja kwa miguu. Linafika jioni, na jioni huku kwetu kuna baridi, wewe mwenyewe unalitafuta."

"Na likishafika, mzee?"

"Ego, ndiyo hapo. Likishafika, fungua litoke. Mgeni akishakula usimfungie mlango, mwana wanje."

Maneno hayo nilikuja kuyaelewa kwa aibu. Nilimjengea katekista mmoja wa Gwarama nyumba ya tofali mbichi, ukuta mnene, mchoro mzuri, kivuli kila upande. Kiangazi hakijaisha, nikapata salamu: mke wake anasema fundi amewauzia tanuru. Nilipanda baiskeli nikiwa nimekasirika. Ukuta wangu, tanuru? Nilifika mchana nikakuta madirisha yote wazi, upepo wa moto unaingia na kutoka unavyotaka. Nikauliza usiku wanafanyaje. "Usiku tunafunga yote, fundi. Wezi." Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee na mgeni wake. Watu wale walikuwa wanaushibisha ukuta joto mchana kutwa, kisha usiku wanaufungia nalo ndani. Nikawaambia wageuze mambo: mchana wafunge, giza likiingia wafungue. Katekista akanitazama kwa huruma, kama ninayemwombea aibiwe. Ikabidi nitoboe matundu madogo juu, chini kidogo ya lenta, ile boriti ya juu ya madirisha, nikayawekea wavu wa chuma ambao hata mkono wa mtoto haupiti, mengine nikayatoboa chini upande wa pili. Baridi ya usiku ikaingia kwa chini, joto likatokea juu. Baada ya hapo sikupata salamu nyingine kutoka Gwarama, na kwa fundi hiyo ndiyo shukrani yenyewe.

Shikeni na hili la kulaza na kusimamisha, kwa sababu mnalijua na mnalikwepa. Tofali ukilisimamisha kwa ubavu unapata ukuta mwembamba, na matofali yaliyopangwa kwa nyumba moja yanajenga nyumba na choo. Ukililaza, ukuta unanenepa na mwenye nyumba analalamika. Wote tunasimamisha. Tunasimamisha, tunapiga lipu safi, tunapaka rangi, halafu tunaweka bati bila dari, na mtu akiingia mchana anajifuta jasho akisema hali ya hewa imebadilika. Imebadilika kweli. Lakini na sisi tumeisaidia.

Siku hizi mmeleta mapaa ya kuficha. Nimeyaona, yamejaa mjini Kasulu. Kuta zimepanda juu zikalifunika bati, nyumba imekuwa kama boksi la viatu, hakuna upenu hata wa kumkinga kuku. Jua linapiga ukuta kuanzia juu mpaka msingini. Sitawagombeza. Aliyevunja upenu wa kwanza katika mtaa wangu si kijana, ni mimi.

Nyumba yangu ya kwanza niliijenga Kasulu nikiwa nimetoka tu mikononi mwa Mzee Bigirimana. Ilikuwa ya tofali mbichi za kulaza, ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ubavu wake mrefu ukitazama kaskazini kwenye baraza pana. Mzee alinionyesha sababu kwa kijiti alichokichomeka ardhini: miezi ya kiangazi jua la kwetu linapita kaskazini kidogo, tena juu sana, kwa hiyo upenu wa hatua mbili unalizuia. Jua baya ni la kuchomoza na la kuzama, kwa sababu linakuja chini chini, upenu haulioni. Kwa hiyo pande hizo unazipa ukuta mtupu, au dirisha dogo, au mti. Mimi upande wa magharibi nilikuwa na mparachichi mkubwa. Ndani ya nyumba ile mke wangu, Mama Neema, alizaa watoto wote.

Halafu nikapata jina. Watu wakawa wanatoka mbali kuniita, na wakifika kwangu wanakuta kijumba cha udongo kimejificha nyuma ya mparachichi, mlango unatazama pembeni. Mmoja aliniuliza, "Hapa ndipo anapokaa fundi mwenyewe, au ni kwa kibarua wake?" Neno lile lilinikaa moyoni mwaka mzima. Kiangazi kilichofuata nikaivunja. Nikajenga ya tofali za kuchoma, za kusimamisha, uso magharibi barabarani, madirisha ya vioo, upenu nimeukata mfupi ili kuta zionekane. Na mparachichi nikaukata, kwa sababu ulikuwa unaificha nyumba.

Mama Neema alisimama pale shina lilipokuwa, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Neema, hii umewajengea wapita njia. Sisi utatujengea lini?"

Nilimwambia wanawake hawajui mambo ya ujenzi. Nimeliandika hapa ili mjue nililisema.

Mtauliza, je, mliishije humo miaka yote? Jibu ni kwamba hatukuishi. Tulilala tu. Asubuhi yeye shambani kwenye maharage, mimi kwenye majengo ya watu, mchana yuko jikoni nyuma ya nyumba, wageni wanaketi uani. Tukiingia ndani jua limekwishazama na baridi ya milimani imeshaanza. Nyumba nyingi za huku zinaficha ubaya wake hivyo hivyo, kwa sababu saa zake mbaya hakuna mtu ndani. Nyumba inapimwa na yule asiyeweza kutoka: mzazi aliyejifungua jana, mgonjwa, mzee.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, Mama Neema alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukazimika, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Tulipotoka hospitali, muuguzi alinisisitizia asikae kwenye joto kali na anywe maji mengi. Nikamlaza sebuleni, chumba kikubwa, chenye hewa, chenye madirisha yangu mazuri ya vioo.

Siku ya kwanza saa tisa niliingia na uji. Nguo yake ilikuwa imelowa, midomo imekauka, macho ameyafumba. Juu yetu bati lilikuwa linalia kwa joto. Niliweka mgongo wa mkono ukutani, kwa ndani, na nikauondoa haraka. Jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote. Hakuwa na namna ya kunyanyuka akakae nje. Nilikuwa nimemfungia mke wangu ndani ya kazi yangu.

Nikafanya anavyofanya kila mtu anayejidai anajua. Nikanunua pazia zito, nikalitundika kwa ndani. Chumba kikawa na giza, joto likabaki pale pale.

Anayenisaidia kumwogesha ni Mama Furaha, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye anakuja akipata kibali na kitenge chake cha biashara begani. Aliingia, akasimama, akaligusa pazia kwa kidole.

"Papa Neema, jua umeshaiingiza mu nyumba, sasa unaifunika na blanketi?"

"Nafanyaje, mama?"

"Eh! Wewe si fundi? Siye kule tulianza na shitingi ya plastiki. Saa sita mutoto analia mpaka sauti inaisha. Tukaweka majani kwa nje, juu ya ile plastiki, mbele jua haijafika. Kisha tukafyatua matofali ya udongo, tukajenga. Kivuli inakaa inje, papa. Huyu mama eko anapikwa humu ndani."

Anapikwa. Alilisema huku anakamua kitambaa, akaendelea kumpangusa. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye lile shina la mparachichi, ambalo mpaka leo halijaoza. Mambo yote aliyoyasema Mama Furaha niliyafundishwa na Mzee Bigirimana nikiwa na miaka kumi na tisa. Kinyozi hajinyoi, wanasema, ila kinyozi haharibu na nywele za mkewe kwa makusudi.

Kesho yake nilianza na yale ambayo mtu mwenye bega moja anaweza. Nilihamishia kitanda chumba cha mashariki kuanzia mchana, na asubuhi nikakirudisha sebuleni, kwa msaada wa majirani. Nikakumbuka wale watoto wa Nyakitonto na madawati yao, na safari hii sikucheka. Kitanda nikakitenga na ukuta kiasi cha mkono mmoja. Nje, mbele ya madirisha ya barabarani, nikasimamisha nguzo za mkaratusi na kufunga mabua ya mahindi, hatua moja kutoka ukutani ili upepo upite katikati. Chini ya bati nikatundika mikeka ya matete kuwa dari, nikaacha nafasi pembeni hewa ya moto itoke. Vijana wa bodaboda wakawa wanapunguza mwendo: "Mzee Elia, umefungua kilabu? Pombe inaanza lini?"

Ilisaidia. Haikutosha. Mabua yalipeperuka kwa upepo wa Septemba, na kitanda kukihamisha kila siku kulikuwa kunamuumiza. Alikuwa hasemi, lakini mkono mzima ulikuwa unakamata ubao wa kitanda. Nilijua dawa yake: ukuta wa pili, wa tofali mbichi za kulaza, usimame mbele ya ule wa barabarani kutoka kona hadi kona, na juu yake upenu mpana. Ukuta wa kwanza usilione jua tena. Ila ukuta huo ungefunika mlango wa mbele na vioo vyote, na nyumba ya Fundi Elia ingewapa watu wote wa barabarani mgongo wa udongo.

Nikamwita Zakaria. Nilimfundisha mwenyewe, na leo ndiye bingwa wa hayo mapaa ya kuficha. Akaizunguka nyumba, akajikuna shingo.

"Mzee wangu, hii noma. Watu wakiniona naifunika nyumba yako kwa tope, nani atanipa kazi tena mjini? Si tuweke feni? Tuweke dari ya jipsam?"

"Umeme ukikatika feni inasaidia nini?"

"Basi tuupige lipu huo ukuta, tupake rangi, tuweke hata maua…"

"Zakaria. Aliyelala mle ndani ni nani?"

Mama Neema alimlisha kijana huyu miaka minne ya ufundi wake, na alipoumwa tumbo alilala kwetu wiki mbili. "Ni mama," akasema.

"Mimi nilikufundisha kujenga watu wakiwa wanatazama. Nilikufundisha vibaya. Huu jengea mama."

Akavua shati. Tukafyatua siku hiyo hiyo, udongo wa kichuguu tukauchanganya na majani makavu. Tofali mbichi usilianike juani, vijana, linapasuka. Lifunike nyasi likauke polepole, uligeuze. Wiki tatu nilikuwa natazama mawingu ya upande wa Burundi kila jioni, kwa sababu mvua ikitangulia tumerudi sifuri, na ndani mtu anazidi kunywea. Wiki ya pili alikataa uji siku mbili. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Tuliweka msingi wa mawe, maana udongo ukikaa kwenye maji unayeyuka, tukapanda kozi kwa kozi. Mimi nilipima tu, Zakaria akapanga, na alipokosea kozi moja nilikwenda kukaa mbali mpaka akaibomoa mwenyewe. Kati ya ukuta mpya na wa zamani tuliacha upenyo wa mkono mmoja, wazi chini na juu. Watu walisimama barabarani kuuliza kama tuna msiba. Mmoja akamwambia mwenzake, nasikia kabisa, kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Upenu uliezekwa Jumamosi. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyofuata, na baada yake, kama kawaida ya mwezi wa kumi, jua likarudi na hasira zake zote.

Siku hiyo ya jua niliingia saa tisa, kupitia mlango wa uani, ndio pekee tulio nao sasa. Sebule ilikuwa na mwanga hafifu. Mama Neema alikuwa macho, nguo yake kavu, kikombe cha maji kitupu. Mkono wake mzima, wa kushoto, alikuwa ameunyoosha akauegemeza ukutani, mgongo wa kiganja. Sijui lini alimwona Mzee Bigirimana akifanya hivyo. Labda aliniona mimi, zamani, nilipokuwa bado nafanya.

"Ni wa baridi?" nikamuuliza.

Midomo ikalitafuta neno. "Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa kutujengea, Mama Neema."

Akautoa mkono ukutani, akapiga kitanda taratibu, mara mbili, pembeni yake. "Keti. Huku… kuna kivuli."

Nikaketi. Pikipiki zilikuwa zinapita upande wa pili, nyingine zikipunguza mwendo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutuona.